Menyu ya kurasa kumi na nne: niliyokula katika migahawa ya miji mikubwa, na kwa nini sasa naogopa menyu ndefu

Mgosi wa Ngamiani (mleta mada)

Ndugu zangu wa Tanga na majirani wote, asalaam alaikum na habari za jioni.

Kazi yangu ni kununua na kuuza vipuri vya magari, na kazi hiyo imenifanya nile mbali na nyumbani kwa zaidi ya miaka kumi: Dar es Salaam karibu kila mwezi, Mombasa na Nairobi mara kwa mara, Dubai mara tatu na Guangzhou mara mbili. Sizungumzii hoteli za kitalii zenye vitambaa vyeupe mezani, kwa kuwa huko sina habari nako. Nazungumzia migahawa ya kawaida, ile ambayo mtu huingia na kandambili zake, akala, akalipa na kuondoka bila ya kuulizwa kama aliweka nafasi. Baada ya safari zote hizo nimeshika msimamo mmoja ambao ningependa mnikosoe: menyu ikishapita ukurasa mmoja, mimi huanza kutafuta mlango.

Kipimo hiki nimekipata hapa hapa nyumbani. Hoteli ninayokula mchana Ngamiani haina menyu. Mhudumu husimama mbele yako, kitambaa kiko begani, akakutajia kwa pumzi moja: wali wa nazi, ugali, samaki wa kupaka, maharage, mchicha. Ukichelewa ukafika saa nane, atakuambia kwamba samaki amekwisha, wala haoni haya, kwa sababu samaki alinunuliwa asubuhi kwa ajili ya watu wa siku ile. Mimi neno hilo "amekwisha" nalipenda hata pale linaponilaza na njaa.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta Dar es Salaam mwezi uliopita. Niliingia katika mgahawa mmoja wa katikati ya mji, ambao jina lake nalihifadhi, kiyoyozi kinapuliza vizuri, nikapewa menyu ya kurasa kumi na nne zilizofunikwa kwa plastiki. Mlikuwamo piza, tambi za Kichina, biriani, baga, mtori, supu ya makongoro, na ukurasa mzima wa vyakula vya Kimeksiko. Katika ukurasa wa kumi na moja nikamwona samaki wa kupaka, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka na basi la alfajiri bila ya kutia kitu tumboni, nikaagiza bila ya kufikiri. Nilingoja dakika hamsini na tano.

Kwa asiyejua, samaki wa kupaka hapikwi chunguni. Huchanjwa, akakolezwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, kisha akabanikwa juu ya makaa. Tui zito huwa limekwisha kuchemshwa pembeni pamoja na viungo mpaka limekuwa rojo, na mpishi humpaka, akamgeuza, akampaka tena, huku matone yakidondokea makaa, na moshi unaorudi juu kutoka kwenye matone hayo ndio nusu ya ladha yenyewe. Aliyeletwa mbele yangu alikuwa amekaangwa kwa mafuta mengi mpaka ngozi ikawa ngumu kama ganda la muhogo, kisha akamwagiwa tui ambalo halikuiva, maji yamejitenga upande wake na mafuta upande wake. Nilipofika karibu na mfupa wa mgongo nikakuta nyama ni ya baridi. Bili ikaja imeongezwa VAT ya asilimia 18 pamoja na malipo ya huduma, mambo ambayo kurasa zote kumi na nne hazikupata nafasi ya kuyataja.

Jioni ya siku ile ile nilikwenda kwenye kona ya Mtaa wa Libya na Barabara ya Morogoro, kwa Mamboz, ambako meza zilikuwa nje na makaa yanawaka mbele ya macho ya kila mpita njia. Watu wamefika kula kuku wa kubanika, na kinachojadiliwa ni viungo vyake tu. Nilikula kwa mikono, pilipili ikanitoa machozi, na wala sikuangalia saa.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko mbali sana na kwetu. Mara ya kwanza nilipofika Guangzhou sikuweza kusoma hata herufi moja, na hofu yangu kubwa ilikuwa nguruwe. Wenzangu waliotangulia wakanielekeza nitafute maduka ya tambi ya Waislamu wanaotoka kaskazini-magharibi mwa China, katika majimbo ya Gansu na Qinghai, maduka ambayo hujitambulisha kwa jina la mji wa Lanzhou. Niliingia katika moja ambalo lilikuwa na meza sita. Kijana mwenye kofia nyeupe alichukua donge la unga wa ngano uliokandwa, akalivuta mpaka mikono yake miwili ikanyooka, akalikunja katikati, akalivuta tena, na kila baada ya mikunjo miwili mitatu akalipiga mezani kwa kishindo kilichonishtua. Kila mkunjo huongeza nyuzi maradufu, yaani 2, 4, 8, 16, na mikunjo minane hutoa nyuzi 256 kutoka katika donge moja. Hakuniuliza ninataka chakula gani, aliniuliza kwa vidole tu unene wa tambi. Bakuli likaja na supu ya ng'ombe iliyochemshwa kwa mifupa, vipande vyembamba vya nyama, figili nyeupe, kotimiri na mafuta mekundu ya pilipili, na nilipotazama meza nyingine tano nikaona karibu kila mtu ana bakuli kama langu. Kwa wiki nzima nilikula hapo mara mbili kwa siku.

Naomba kusikia kutoka kwenu: nani amekula vizuri katika mgahawa wa kawaida wenye menyu ndefu?

Msafiri wa Horohoro

Ndugu mleta mada, nusu ya hoja yako naikubali na nusu nairudisha kwako.

Umesema umefika Dubai mara tatu, na nashangaa kwamba hukuutaja mgahawa wa Kipakistani wa Ravi ulioko Satwa, ambao umekuwapo tangu mwaka 1978 na ambao madereva wa teksi, vibarua na matajiri wenye magari makubwa wanakaa meza za kando kwa kando mpaka usiku mwingi. Umaarufu wake ulifika mahali ambapo mwaka 2022 kampuni ya Adidas ilitoa viatu vilivyopewa jina la mgahawa huo. Menyu yake si fupi hata kidogo, lakini sijawahi kuagiza dengu, karahi (nyama ya mchuzi mzito inayopikwa karaini) au mkate wa nan pale nikajuta.

La pili ni Carnivore ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1980. Najua si mahali pa kandambili, ila huenda mtu akaalikwa, kama nilivyoalikwa mimi. Pale nyama huwa za aina nyingi, hubanikwa kwenye shimo kubwa la makaa zikiwa zimechomekwa kwenye sime za Kimaasai, na wahudumu hupita na sime hizo wakakukatia moja kwa moja kwenye sahani. Mezani kuna kibendera kidogo, na maadamu kibendera kimesimama, nyama zitaendelea kuja, anayeshindwa hukilaza. Zamani zilikuwapo nyama za porini, lakini Kenya ilipiga marufuku uuzaji wa nyama hizo mwaka 2004, kwa hiyo siku hizi wamebakia na za kufugwa, wakiwamo mbuni na mamba. Mamba nilimpisha akaenda meza ya jirani. Nyama nyingine zote zilikuwa nzuri, na hazikuwa chache.

Binti Chumbageni

Mimi nitazungumzia Chennai, mji wa kusini mwa India, kwa sababu huko sikwenda kutembea, nilimpeleka mama kwa matibabu tukakaa wiki sita.

Mgonjwa alikuwa na chakula cha hospitali, lakini alipotolewa wodini tukawa tunakula wote wawili katika mgahawa uliokuwa ng'ambo ya barabara. Kama ilivyo migahawa mingi ya huko, huo haukuwa na nyama wala samaki, na mama alipoelezwa hivyo aliniuliza kama na wenye mgahawa nao wamekatazwa na daktari. Mchana hapakuwa na kuchagua. Jani la mgomba hutandazwa mbele yako, ukalinyunyizia maji na kulifuta kwa kiganja, kisha vijana hupita na vindoo vya chuma, huyu ana wali, yule ana mchuzi mzito unaoitwa sambar, mwingine ana mchuzi mwepesi wa pilipili manga unaoitwa rasam, na nyuma yao zinafuata mboga kavu, achari, papadi na mtindi. Hurudi tena na tena bila ya kuongeza bei, mpaka utakapolikunja jani kuelekea kwako, na hapo ndipo wanapojua kwamba umeshiba.

Siku mbili za mwanzo mama alikula wali na mtindi peke yake. Siku ya tatu akaonja sambar, akanyamaza, akaonja tena, akasema, "Mwanangu, hizi si mbaazi?" Na kweli ni mbaazi, zile zile ambazo zinalimwa kwetu na kununuliwa kwa wingi na India, isipokuwa zimekobolewa. Sisi huzipika kwa tui tukala na maandazi asubuhi, wao huzitia ukwaju na mboga, na mara nyingi hutia maganda mabichi ya mlonge, ambayo hutafunwa na makapi yakatemwa. Mama kwao kuna mlonge uani, na tangu azaliwe hakuwahi kufikiri kwamba ganda lake ni kitoweo. Tangu siku hiyo akawa ndiye anayeniharakisha twende kabla meza hazijajaa.

Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada, ila kwa sababu nyingine. Mtu aliyechoka na mwenye wasiwasi hataki kuulizwa maswali, na mgahawa usio na menyu humpunguzia mzigo wa kuchagua.

Mshambaa wa Lushoto

Naomba kuwakumbusha kwamba menyu fupi peke yake haitoshi. Mnamo Januari 2022, migahawa ya KFC ya Kenya iliishiwa chipsi, na wateja wakaelezwa kwamba viazi vyake huagizwa kutoka nje na meli zimechelewa. Wakenya walichukia sana, na walikuwa na haki, maana mwezi ule ule wakulima wa Nyandarua walikuwa na viazi vyao. Baadaye kampuni ilisema kwamba itatafuta viazi vya ndani.

Menyu ya mahali kama pale ni kuku na chipsi, huwezi kupata fupi kuliko hiyo, na bado nusu yake ilikwama baharini. Mimi natoka mahali ambapo viazi huteremshwa kwa malori mpaka Tanga na Dar es Salaam, na ninapokula chipsi za kibandani Makorora, zilizokatwa kwa mkono, moja nene na nyingine nyembamba, huwa nazitambua kama mtu anavyotambua ndugu zake. Nikiwa mjini, swali langu la kwanza ni hilo: hiki kimetoka wapi? Urefu wa menyu haunisumbui.

Mdau wa Raskazone

Durban, Afrika Kusini, nilikula mkate usiokatwa, umechimbwa katikati, umejazwa mchuzi wa mbuzi, na ile nyama ya mkate iliyochimbwa imerudishwa juu kama kifuniko. Wenyeji huuita bunny chow, na ulianzia kwa Wahindi wa mji huo. Unaagiza kwa robo, nusu au mzima. Hakuna sahani, hakuna kijiko, na mwenye kuomba uma hutazamwa. Niliagiza nusu kwa ujuba wangu, nikashindwa.

Mama Jiko Makorora

Nimesoma uzi huu wote nikacheka peke yangu, na sasa naomba nafasi, kwa kuwa nyinyi nyote mmekaa upande wa meza na mimi kwa miaka kumi na minane nimekaa upande wa jiko, katika hoteli za watu za Tanga na za Dar es Salaam.

Menyu ya vyakula sitini haina maana ya sufuria sitini. Kila asubuhi mpishi wa mgahawa wa namna hiyo hutayarisha vitu vichache sana: mchuzi mama, yaani vitunguu na nyanya zilizokaangwa mpaka mafuta yakaelea juu, kuku waliochemshwa nusu, wali mweupe, viazi vilivyokwisha kukatwa, na unga uliokandwa. Oda ikiingia, mchuzi ule ule ukitiwa bizari na kotimiri huwa kuku wa karai, ukitiwa krimu na siagi hupata jina la Kihindi, kuku yule yule akikatwa vipande virefu na kutiwa pilipili hoho na sosi ya soya huwa Mchina, na akiviringishwa ndani ya chapati huwa Mmeksiko. Hakuna wizi hapo, na kama mpishi ana mkono, mteja hula akashukuru. Hata Ravi ya huyo ndugu yetu wa Horohoro, kwa alivyoieleza, naona majina ni mengi lakini kazi ni ya karai na tanuri, mambo mawili ambayo wapishi wake huyarudia kutwa.

Mwenye hoteli naye ana sababu. Watu sita wa ofisi moja hutoka kula pamoja, mmoja hali samaki, mmoja anataka ugali, mmoja ana mtoto anayelilia chipsi. Wakikosa hata kimoja, huondoka wote sita. Menyu ndefu huandikwa kwa ajili ya meza ya watu sita, wala haikuandikwa kwa ajili ya mfanyabiashara wa vipuri aliyekaa peke yake.

Shida huanza kwenye vyakula ambavyo havitoki kwenye mchuzi mama, na kwetu vinavyoongoza ni viwili. Cha kwanza ni biriani. Rojo la biriani ya pwani hupikwa peke yake, nyama hulowekwa kwa mtindi, tangawizi na papai bichi, vitunguu hukaangwa mpaka viwe vyekundu na vikavu, na wali wake hupikwa mbali, vikakutana mwishoni. Hiyo ni kazi ya tangu alfajiri, ndiyo maana wengi huipika Ijumaa. Anayekuuzia biriani siku ya Jumanne saa kumi jioni, mara nyingi amechukua wali, akautia rangi, akaumwagia mchuzi mama. Cha pili ni huyo samaki wako. Samaki wa kupaka anataka makaa yaliyokwisha kushika, na makaa hayashiki chini ya nusu saa, na hakuna mpishi atakayewasha jiko la mkaa kwa ajili ya sahani moja, ndani ya jengo lenye kiyoyozi, ambamo jiko ni la gesi. Ukisema nyama ya mfupani ilikuwa ya baridi, mimi naelewa kwamba alitoka kwenye friza baada ya wewe kuagiza, kwa kuwa pengine ulikuwa mtu wa kwanza kumwagiza mwezi ule. Dakika zako hamsini na tano zilikuwa za kuyeyusha barafu.

Sikutetei aliyekuuzia. Alipaswa kukuambia hayupo, na hiyo VAT ya kushtukiza ni ubaya mwingine. Lakini na wewe, mgosi wa Tanga, unaingiaje mahali pasipo na harufu ya mkaa ukaagiza samaki wa kupaka?

Mgosi wa Ngamiani (mleta mada)

Dada yangu Mama Jiko, nimekaa kimya robo saa kabla ya kujibu, na naona sina pa kushika. Pale Guangzhou unga ulikuwa unavutwa mbele yangu, kwa Mamboz makaa yalikuwa yanawaka mbele yangu, na hata hiyo Carnivore, kwa jinsi ilivyosimuliwa, ni shimo moja la makaa na nyama zinazopita juu yake. Nimekuwa nikihesabu kurasa wakati jiko lenyewe liko wazi kutazamwa.

Jambo moja bado sijaridhika nalo. Kama mwenye hoteli anajua kwamba jiko lake ni la gesi na samaki yuko friza, kwa nini amwache katika ukurasa wa kumi na moja? Huyo mchuzi mama simlaumu, ila chakula ambacho hakitayarishwi kingefutwa kwa kalamu tu. Hoteli yangu ya Ngamiani, ambayo mhudumu wake hajawahi kushika kalamu kazini, inamudu kusema "amekwisha".

Alhamisi nakwenda tena Dar es Salaam. Safari hii sitafungua menyu kwanza, nitamuuliza mhudumu kama jiko la mkaa limewashwa.

Mama Jiko Makorora

Uliza hivyo hivyo. Akikujibu "subiri nikaangalie", agiza chai.